Raba ya Klachi

Nimeendesha malori tangu enzi ambazo honi ilikuwa ni mdomo wa utingo, na mtaani wananiita Mzee Chumvi kwa sababu ambazo sitazieleza. Hakuna msimuliaji mwenye akili anayejichongea. Hii ya leo haina chumvi hata chembe. Ingekuwa nayo, ningeipa mwisho mwingine.

Mdogo wangu alipofariki aliacha mke, watoto na kichwa cha lori kilichoegeshwa uani, pua yake ikichungulia dirisha la jikoni. Shemeji yangu hakuweza hata kuinjika sufuria bila kutazamana nacho.

"Shemeji, liuze," akaniambia. "Ukimpata wa kulichukua bure, mpe na maji ya kunywa."

Nilijua kinachomchoma. Mwaka mzima kabla ya kufa, marehemu hakuingia ndani ya nyumba yake. Alikuwa akifika, anapiga honi, watoto wanapokea mifuko dirishani, kisha analala humohumo kwenye kitanda cha nyuma ya viti, eti analinda mzigo. Alfajiri anawasha, lori linaruka kama mbuzi aliyekanyagwa mkia, na likifika kona gia zinasaga: krrr! Mtaa mzima unaamka. Mkewe, kila akiisikia hiyo krrr, alifunga dirisha kwa kishindo. Kwake ilikuwa sauti ya mwanamume mwenye haraka ya kwenda kwa mwanamke mwingine.

Hata mimi, kaka mtu, alikuwa akiongea nami akiwa juu dirishani, kama karani wa posta. Moyo ulimsimama kwenye foleni ya mizani ya malori, mikono ikiwa bado kwenye usukani. Siku ya maziko shemeji alimkagua kila mwanamke asiyemjua. Huyo aliyemtafuta hakutokea, na hilo likamuudhi zaidi.

Mnunuzi akaja na fundi wake, bwana mkimya niliyembatiza Daktari, maana alikuwa akigusa kila kitu huku amefumba macho. Alifungua kifuniko cha oili akatazama kama kuna povu jeupe, dalili ya maji kuingia kwenye injini. Hakuna. Akawasha, moshi mweusi ukatoka kidogo ukakata.

"Huo si moshi," nikamwambia mnunuzi. "Mimi nimewahi kuendesha lori ambalo likiwashwa saa sita mchana, kuku wanarudi bandani kulala."

Mnunuzi akacheka. Daktari hakucheka. Aliingia uvunguni, akaigongagonga chasisi kutafuta nyufa zilizochomelewa na kupakwa rangi, akapapasa matairi upande wa ndani, ambako wauzaji huomba usipapase. Kisha akajaza upepo wa breki, akazima injini, akainua kidole. Tukanyamaza wote, tukisikiliza kama kuna mahali panapovuja. Ukimya ule ndio uliomtoa shemeji jikoni. Akasimama mlangoni na mwiko wake.

"Breki nzuri," Daktari akasema. Akarudi uvunguni, akafungua kifuniko kidogo nyuma ya injini, akamulika tochi. Alikaa huko hadi mnunuzi akaniuliza kama amelala.

"Klachi imebadilishwa lini?"

"Haijabadilishwa," nikajibu. "Ni ya tangu anunue lori."

"Basi haijafanya kazi. Haijalika, ina nyama tele. Lakini meno yanayosukumwa na stata kuwasha injini yameliwa kama gunzi, na stata yenyewe ni ya juzijuzi. Giaboksi nayo oili yake imejaa vumbi la chuma."

Mnunuzi akanigeukia. "Mzee, mnaniuzia malori mawili yaliyounganishwa? Daktari, funga vifaa, twende."

"Kumbe hata lori alilidanganya," shemeji akasema pale mlangoni, na sauti yake ilikuwa kavu.

Daktari hakufunga vifaa. Alifungua mlango wa dereva, akainama kwenye pedali, kisha akazunguka upande wa abiria. Akatuita. Raba za pedali za breki na mafuta zilikuwa zimelika hadi chuma kinang'aa. Raba ya klachi ilikuwa na michirizi yake yote, na vumbi limejaa katikati. Ngazi ya mlango wa dereva ilikuwa bado na rangi. Ya abiria ilikuwa nyeupe kwa kukanyagwa, na juu yake kamba imefungwa kwenye kishikio, fundo limekuwa jeusi kwa jasho la mkono.

"Klachi ni ya mguu wa kushoto," Daktari akasema. "Marehemu mguu huo ulikuwa na nini?"

Nikaona uso wa shemeji unavyobadilika, nikarukia kazi yangu. "Mguu? Mguu ule uliwahi kupiga mpira ukavuka mto, na golikipa akaenda kuu—"

"Shemeji," akanikata. "Leo hapana."

Daktari akaongea taratibu. Mtu asiyeweza kukanyaga klachi huweka gia kwanza, kisha huwasha; stata ndiyo inayolisukuma lori, ndiyo maana linaruka. Njiani anabadili gia kwa kusikiliza injini. Akikosea, zinasaga. "Ni goti, nadhani. Mwenye goti bovu anaweza kuendesha hivyo. Kushuka ndiyo kazi, ndiyo maana ya kamba ile."

Shemeji alipima kwa macho kutoka lori hadi mlango wake wa jikoni. Ni hatua chache na ngazi za saruji.

"Angetembea mbele yangu ningemwona," akasema. "Ningemwona, ningeficha funguo za lori asiendeshe tena."

Akaniachia mwiko mkononi. Akapanda kwa mlango wa abiria, akiishika ile kamba, akajisogeza hadi kiti cha dereva. Hakuna aliyemharakisha. Aliposhuka, macho yalikuwa mekundu.

"Hasira ndiyo ilikuwa inanisimamisha, shemeji. Sasa nitasimama na nini?"

Nikamrudishia mwiko wake.

Lori akaliuza hivyohivyo, maana watoto wana shule na kilio hakilipi karo. Aliomba kitu kimoja tu. Daktari akaing'oa ile raba ya klachi, akaipangusa kwa suruali yake na kumkabidhi kwa mikono miwili.

Daktari mwenyewe ndiye aliyeliendesha. Akakanyaga klachi, lori likaondoka bila kuruka, laini kama gari la harusi. Shemeji akakimbilia jikoni, akafungua dirisha lote, akatoa kichwa nje na kusikiliza.

Lori lilifika kona. Likapita bila krrr.

Aliendelea kusikiliza.