Bastola Mpya ya Hamoudi

Hamoudi ni rafiki yangu, kwa hiyo nina haki ya kusema kwamba hajui kulenga. Simsengenyi. Hata mimi sijui sana. Katika klabu yetu ya shabaha hapa Tabora wengi wetu ni wafanyabiashara tuliopata bastola kwa ajili ya kulinda maduka, kisha tukanogewa na mchezo. Jumamosi mbili kwa mwezi tunakwenda renji, njia ya Isikizya, mahali penye tuta refu la udongo la kuzuia risasi. Tunapiga, tunakunywa chai, tunataniana, tunarudi mjini kufungua maduka. Mimi nauza asali. Hamoudi anauza vipuri vya pikipiki.

Kila mwaka klabu inachagua wanne wa kwenda kushindana Mwanza. Watatu wa kwanza wanajulikana hata kabla shabaha hazijatundikwa. Nafasi ya nne ndiyo inayogombaniwa na sisi wa kawaida, na Hamoudi alikuwa hajawahi kuipata. Si kitu kikubwa. Unapewa fulana, unalala Mwanza, unakula samaki, unarudi. Lakini Hamoudi ana mkwe.

Mkwe wake ni Mzee Ghalibu. Enzi zake aliwinda huko Ugalla, na mpaka leo watu wazima wa mjini wanasimulia kwamba hakuwa mtu wa kurudia risasi. Akitoka porini na nyama, mtaa mzima unakula. Alipomwoza Hamoudi binti yake Nihal alikuwa na shaka kidogo, na shaka hiyo akaigeuza mzaha wa kila Idi, mbele ya wajomba, mashangazi na majirani. "Mkwe wangu ni mpigaji hodari," anasema. "Anapiga simu, anapiga picha, anapiga pasi." Watu wanavunjika mbavu. Hamoudi naye anacheka, huku masikio yamemwiva. Nimekaa kwenye mikeka hiyo ya Idi, nimemwona.

Basi mwaka huu akafuata taratibu zote za polisi, akapata kibali, akaleta bastola mpya kutoka Dar es Salaam. Haikuwa bastola ya kawaida kama zetu. Ilikuwa toleo la mashindano, ambalo kiwanda chenyewe kimelifanyia kila kitu ambacho zamani mtu alimpelekea fundi. Fremu yake nzito, ili isiruke mkononi. Mdomo wa kuingizia magazini umepanuliwa. Juu pana kioo kidogo chenye nukta nyekundu. Ukiweka nukta kwenye shabaha, huna haja ya kufinya jicho. Na triga, hiyo triga! Hamoudi aliilaza bastola mezani juu ya kitambaa cheupe, akatuita mmoja mmoja tuiguse ikiwa tupu. Ulikuwa huvuti triga ile. Ulikuwa unaifikiria tu, inaachia.

Tulibishana asubuhi nzima, chai ikapoa. Wengine walisema pesa imepata mwenyewe. Mimi nilisema ni wivu tu unatusumbua, na kweli mimi ulikuwa unanisumbua. Aliyesema neno la maana ni Afande Koleta, polisi mstaafu anayesimamia usalama wa renji yetu, mwanamke asiye na subira na mtu yeyote.

"Bastola ni nzuri," alisema. "Mtu anayepiga kila siku itamwongezea. Sisi wa Jumamosi mbili itatuongezea uzito wa mkanda."

"Afande, unanivunja moyo," Hamoudi akasema.

"Bora moyo kuliko sheria. Rudia basi, nikusikie. Ukiwa na bastola mkononi?"

"Sina mkwe, sina bosi, sina jirani," Hamoudi akaitikia kama mtoto wa madrasa. "Nina shabaha tu."

Hilo ndilo somo alilotukaririsha Afande kila Jumamosi, na wote tulilijua kwa moyo.

Nisimwonee Hamoudi, bastola ilimsaidia. Tulipopiga taratibu, bila haraka, matundu yake yalisogeleana kuliko zamani, mpaka nikaanza kuona nafasi ya nne ikinitoka. Mambo yaliharibika kwenye kupiga kwa kasi. Filimbi ikilia, anainua bastola na nukta haionekani. Anaizungusha juu, chini, pembeni, kama mtu anayetafuta mtandao wa simu kule Usinge, na akija kuiona, shabaha za wenzake zimeshatoboka. Isitoshe, mara mbili risasi ilimtoka kabla hajataka, ikachimba udongo. Kisa ni kidole. Hamoudi ana mazoea ya kukipumzisha kidole kwenye triga muda wote, hata akiwa hapigi. Bastola yake ya zamani ilikuwa na triga ngumu ya kugombana nayo, kwa hiyo ilimvumilia miaka yote hiyo. Hii mpya haikuwa na uvumilivu.

"Rudi kwenye ile ya zamani mpaka kidole kipate adabu," Afande Koleta akamwambia.

Hamoudi akakataa. Tulipokuwa tunarudi mjini akaniambia sababu, huku ameshika usukani na kuangalia mbele. "Nimeshamwalika mzee aje kuniona siku ya uchaguzi. Nimemwambia ninayo ya mashindano. Nikienda na ile ya zamani ataniuliza."

"Mwambie unaizoea kwanza."

"Marko, wewe mkwe wako anakupenda. Hujui lolote."

Siku ya uchaguzi ikafika, na asubuhi Mzee Ghalibu hakuonekana. Nilimwona Hamoudi akitazama barabarani mara kwa mara, nikadhani ingekuwa heri mzee asije kabisa. Zamu ya kupiga taratibu alifanya vizuri, akanipita kidogo. Mimi zamu zangu zote nilikuwa nimemaliza. Ikabaki zamu yake ya kasi. Akivuka salama, Mwanza ni yake, na Idi ijayo mzaha wa pasi utakosa pa kukaa.

Akasimama mstarini. Masikioni alikuwa amevaa vizibo vipya vilivyokuja pamoja na bastola, vile vya kisasa vinavyozuia mlio wa risasi na kupitisha maneno ya watu. Afande Koleta akatoa amri ya kujaza. Hamoudi akajaza, akashika bastola tayari, mtutu umeelekea kwenye tuta, akingoja filimbi.

Hapo ndipo gari la Nihal liliposimama. Mzee Ghalibu akashuka, kanzu nyeupe, kofia ya kushona kwa mkono, bakora, akaja moja kwa moja. Kuna kamba nyuma ya wapigaji ambayo mtazamaji haruhusiwi kuivuka. Mzee aliinama, akapita chini yake. Ni kamba gani Tabora hii ya kumzuia Mzee Ghalibu? Afande Koleta aliinua mkono amsimamishe, lakini mzee akamsalimia kwa jina, akamuuliza hali ya nyumbani, na ule mkono wa Afande ukashuka wenyewe. "Shikamoo mzee," akasema, akainamisha kichwa. Mzee akapita.

"As-salaam alaykum, Hamoudi."

Alisema kwa sauti ya chini, na kama Hamoudi angekuwa na vizibo vyetu vya kawaida asingesikia. Alisikia. Sote tulifundishwa tukiwa wadogo kwamba mkubwa hasalimiwi kwa kupewa mgongo, na mkwe ndiyo zaidi. Unageuka, unainama, unapokea mkono wake. Mwili wa Hamoudi uliyajua hayo kabla ya akili yake.

"Wa alaykum salaam. Shikamoo baba!"

Akageuka. Akainama. Akanyoosha mkono wa kulia kupokea mkono wa mkwe wake, na mkono huo ndio uliokuwa na bastola.

Mlio ule sijawahi kuusikia mkubwa vile, ingawa nimesikia mingi. Risasi iliingia ardhini mbele kidogo ya makubazi ya mzee, changarawe zikaruka zikampiga miguuni. Mzee akaanguka kitako. Kofia ikabiringika. Afande Koleta alimrukia Hamoudi, akampokonya bastola na kuimwaga risasi zote huku akitukana kwa Kinyamwezi. Sisi wengine tukamkimbilia mzee kutafuta damu. Hapakuwa na damu.

Badala yake tuliona kitu ambacho kila mmoja wetu angelipa asikione. Kanzu ile nyeupe ilikuwa imelowa, kuanzia mapajani, na maji yalikuwa bado yanaenea. Mzee Ghalibu aliliona jicho langu limefika pale. Akajaribu kujifunika kwa mikono.

Nihal akafika mbio, akavua mtandio wake akamfunika baba yake miguu, akabaki kichwa wazi mbele ya wanaume. Hakuna aliyeambiwa kitu. Tuligeuka wote, tukawapa mgongo, tukakodolea macho miti ya miombo kama watu waliosikia ndege humo, mpaka gari likaondoka.

Hamoudi alikuwa amepiga magoti palepale, mikono imening'inia. Afande Koleta akasema alichotakiwa kusema, kwamba mtu akitokwa na risasi namna hiyo ameshatoka kwenye uchaguzi na hagusi silaha katika renji ile mpaka klabu iamue. Kisha akaivua filimbi yake shingoni, akaiweka mezani kando ya bastola. "Na mimi nilikuwa nasalimia," akasema. "Mtafute mwingine." Ndiyo hivyo nikawa wa nne. Fulana waliponipa niliikunja nikaitia kwenye kiti cha nyuma, sikutaka hata kuijaribu.

Habari za mlio zilizagaa mjini kabla ya jioni, maana mji huu hauna siri. Habari za kanzu hazikuzagaa. Wanaklabu tulikuwa na midomo, tena mirefu, na hakuna hata mmoja aliyeifungua. Ni jambo pekee la siku ile ambalo silionei haya.

Nihal alibaki kwa baba yake kumwangalia. Siku zikapita, ikawa haieleweki kama anamwangalia mzee au amerudi kwao. Hamoudi alikuwa anafungua duka na kukaa nyuma ya kaunta bila kuuza. Mteja akiuliza plagi, anamwonyesha cheni. Mwisho akanijia dukani, hakukaa.

"Ndugu yangu, nisindikize kwa mzee. Siwezi kwenda peke yangu."

Kwa mkwe huendi peke yako kuomba radhi, hata kama umemkosea ndotoni tu. Tukaenda baada ya Alasiri. Mzee Ghalibu alikuwa kwenye kiti barazani, bakora kati ya magoti, amevaa shuka na shati, si kanzu.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba, Marko. Asali ya mwaka huu vipi?"

Hamoudi naye akasalimu. Mzee hakuitika. Hamoudi akaketi chini, kwenye sakafu, ukutani. Mimi nilikuwa nimeandaa maneno, yenye methali kabisa, nikaanza kuyamwaga. "Mzee, wahenga walisema kuteleza si kuanguka..."

"Nimekuuliza asali."

"Ipo, mzee. Mvua zilikuwa nzuri."

"Haya." Akamgeukia Hamoudi kwa mara ya kwanza. "Ile bastola ina kosa gani?"

Nilishusha pumzi. Mzee alikuwa amemfungulia mlango. Hamoudi angesema triga ni nyepesi mno, kiwanda kimezidisha, vizibo vya masikio vimemchanganya, na yote yangekuwa kweli. Nilimtazama nikimwombea ayaseme.

"Haina kosa, baba," Hamoudi akasema. "Ni nzuri. Imenizidi tu. Kidole changu kilikuwa mahali pabaya miaka yote, ile ya zamani ikawa inanisitiri. Nilidhani nikinunua nzuri nitakuwa mzuri." Kisha yakamtoka yaliyobaki. "Nilitaka siku moja uache ule mzaha wa pasi, baba. Basi. Nikakutia aibu wewe."

Mzee Ghalibu akazungusha bakora yake. Kutoka ndani nilisikia vikombe vikiacha kugongana. Nihal alikuwa nyuma ya pazia.

"Mliniona wote," mzee akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi, mtu wa Ugalla."

"Hatukuona kitu, mzee," nikasema. "Tulikuwa tunaangalia miti."

"Wote?"

"Wote."

"Miti gani?"

"Miombo, mzee. Na mninga mmoja."

Akanitazama kwa muda, na mdomo wake ukacheza kidogo, lakini haukufika kwenye kicheko. Macho yalikuwa yamelowa. Akamwangalia mkwe wake pale sakafuni, akamwangalia sana.

"Kamba niliivuka mimi," akasema. "Na siku ile ulinisalimu, sikukujibu."

Hamoudi hakuinua kichwa.

"Marahaba, mwanangu," akasema Mzee Ghalibu, akanyoosha mkono.

Hamoudi akatambaa kwa magoti mpaka kwenye kiti, akaupokea kwa mikono miwili, mitupu.