Mwaka wa Pete za Shingoni

Asubuhi ile Koleo alikuwa amekaa kwenye meza yake nyuma ya duka la sonara, lenzi jichoni, akikunja makucha ya dhahabu juu ya jiwe lenye umbo la yai. Mawe ya umbo la yai ndiyo yaliyokuwa yakitakiwa msimu ule. Msimu uliotangulia watu walitaka jiwe la mraba lililozungukwa na vijiwe vidogo kama punje za sukari, na kabla ya hapo walitaka mawe matatu yaliyopangwa kwa ukubwa kama watoto wa tumbo moja. Wachumba waliingia na picha kwenye simu zao, wakasema, "Kama hii, lakini isifanane na hii." Koleo akawatengenezea. Jina hilo alipewa kwa sababu alipenda kushika koleo kwa meno mikono yote miwili inapokuwa kazini, na hata akiulizwa swali alijibu hivyohivyo, na wateja walimwelewa.

Pete ya asubuhi ile ilikuwa yake mwenyewe. Mchumba wake, mwenye duka la matairi mtaa wa pili, hakuona haja ya kutafuta fundi mwingine wakati mwanamke anayemwoa ndiye fundi.

Jumapili wakakutana sebuleni kwa baba yake Koleo. Upande wa mwanamume walikuja mchumba, mama yake, na mjomba mmoja aliyekuja kwa ajili ya soda. Upande wa Koleo walikuwepo baba na shangazi. Mazungumzo yalikwenda vizuri, watu wakacheka, mjomba akaongezewa soda. Kisha mama wa mchumba akasema, kwa sauti ya mtu anayekumbusha dirisha lifungwe, "Na ile kazi ya moto na gesi dukani, mwanangu, mwisho wa mwezi unaiacha. Tumeshaelewana na baba yako."

Koleo akamtazama baba yake. Baba akatazama zulia.

"Hilo lilishakwisha," mchumba akasema. Akafungua kijisanduku, akamshika Koleo mkono wa kushoto, na kidole cha pete hakikuwepo.

Hakikukatika, wala hapakuwa na damu. Mahali pake palikuwa laini tu kama kisigino cha mtoto mchanga, na kidole cha kati kikawa jirani wa kidole cha mwisho. Mchumba akainama kutafuta chini ya kiti, kama mtu aliyeangusha ufunguo. Mjomba akanyanyua miguu ili asimzuie.

"Nilijua," mama wa mchumba akasema. "Jiwe la umbo la yai halimfai. Ana mikono mifupi."

Kijisanduku kikafungwa, wageni wakaaga. Walipopinda kona, kidole kikarudi mahali pake. Koleo akakikunja, akakikunjua. Kilikuwa na joto kama kilichotoka kulala.

Mchumba hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi. Aliagiza pete nyembamba kama uzi, kwa kuwa pete nyembamba ndizo zilizokuwa zinaingia kwenye mitindo. Akaagiza ya dhahabu yenye wekundu wa waridi. Akaagiza yenye jiwe lililolazwa ubavu badala ya kusimamishwa. Mwisho akaagiza ya zumaridi, maana mama yake alisikia wanawake wa kisasa wamechoka na almasi. Zote alizitengeneza Koleo, na zote zilikuwa nzuri, na kila mojawapo ilipokaribia kidole kilijiondokea bila fujo, kama mgeni aliyeona chakula hakitatosha. Siku walipoamua kujaribu kidole cha kati, nacho kikaenda. Mama wa mchumba akanyoosha mkono kutaka cha shahada, shangazi akamdaka.

"Basi, dada. Mtamwacha hana hata cha kushikia kijiko."

Daktari wa zahanati alipapasa mahali pale, akamwuliza Koleo kama anapata usingizi. "Hutokea," akasema. "Hasa kwa wanaopenda kazi zao." Akamwandikia vitamini.

Na kweli ilitokea. Dukani alikuja muuguzi ambaye mchumba wake alitaka wahamie kwa wazazi wake, mbali na hospitali yoyote; kidole kikatoweka palepale kaunta. Akaja msusi ambaye mchumba wake hakupenda saluni, kwa sababu saluni zina maneno mengi. Hakuwa nacho tangu mlangoni. Wapo ambao vidole vyao vilibaki. Fundi cherehani mmoja alivikwa pete yake bila taabu, na mchumba wake alikuwa akihangaika wapi sebuleni pataingia cherehani ya pili. Mwenye duka, ambaye wafanyakazi walimwita Tajiri, aliyatazama yote hayo na kusema biashara ya vipimo imekuwa ngumu.

Kwa Koleo mambo yaliharibika pale mchumba alipoamua kuiacha pete ya zumaridi nyumbani kwa baba yake Koleo.

"Azoee," alimwambia mzee. "Kidole ni kama mbwa. Kikiizoea harufu, kitatulia."

Baba akaitundika kwenye msumari juu ya kitanda cha binti yake. Tangu siku hiyo kidole hakikurudi, na cha kati kikawa kinakuja na kuondoka kama umeme. Koleo alikwenda kazini na mkono pungufu. Jiwe dogo lilihitaji kushikwa kwa kidole cha pete wakati cha kati kinasukuma na gumba linazuia. Ndivyo mkono wake ulivyojifunza, na hakuujua mwendo mwingine. Vijiwe vikamponyoka. Kimoja kikaingia ufa wa sakafu, wakang'oa ubao. Pete ya mteja ikatoka na jiwe lililopinda, Tajiri akaigeuzageuza chini ya taa.

"Koleo, mimi sina shida na vidole vyako," akasema. "Lakini mteja ana shida na jiwe lake. Ikiendelea hivi, nitatafuta fundi mwingine hata kabla hujaolewa."

Koleo alivua aproni, akaitundika, akatoka mchana kweupe. Alipita nyumbani. Baba alikuwa kibarazani akisikiliza redio.

"Baba, uliwaambia nitaacha kazi?"

"Niliwaambia wewe ni binti msikivu."

"Hukuniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa," baba akasema, kwa upole kabisa, akaongeza sauti ya redio.

Koleo akaingia chumbani, akaitoa pete kwenye msumari, akaenda nayo mtaa wa pili. Kadiri alivyoikumbatia kiganjani ndivyo mkono ulivyozidi kupungua. Alipofika duka la matairi alikuwa amebaki na gumba na kidole cha shahada, na pete ameibana katikati kama mtu aliyemkamata kunguni. Wateja walikuwa wamekaa juu ya matairi wakisubiri zamu. Walimsogelea kidogo ili wasikie vizuri.

"Nimekuletea pete yako," akasema.

Mchumba akafuta mikono kwa kitambaa. Hakuwa mtu mkali. "Kama zumaridi hupendi, sema. Chagua mtindo wowote duniani, nitaulipia."

"Nataka mtindo wa mimi kubaki na meza yangu."

"Huo si mtindo wa pete."

"Ndiyo maana zote hazinitoshi."

"Mimi sikukatazi," akasema, akigeukia wateja ili wawe mashahidi. "Nasema tu mke wangu hawezi kuja kulala ananuka gesi."

"Na wewe unanuka mpira," Koleo akasema. "Nilishaukubali mpira. Hata sikuona kama ni jambo la kuitia watu kikao."

Mteja mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Koleo akaiweka pete juu ya kaunta, kati ya vali na mashine ya upepo, na akaiondoa mikono yake pale taratibu, mmoja baada ya mwingine, mtu asije akasema ameitupa. Mchumba akamwita kwa jina lake la nyumbani. Hakugeuka. Alipovuka barabara kidole cha mwisho kilikuwa kimerudi, kisha cha kati. Cha pete kilichelewa. Kilitokea mlangoni pa duka la sonara, na alikitumia hapohapo kufungulia mlango.

Baba alisema amemvua nguo mbele ya watu, akanuna hadi msimu wa mvua. Shangazi akamletea Koleo mto mpya wa kiti chake cha kazini, akamwambia, "Kalia."

Tajiri ndiye aliyeipata dawa. Ikiwa vidole havipatikani, akasema, kuna shingo. Akamwagiza Koleo atengeneze mkufu mwembamba wenye pete katikati, akauweka dirishani na taa yake. Wiki ileile wateja wakapigana vikumbo kaunta. Wachumba walionyeshana picha: shingoni ndiyo mambo yote, vidoleni ni ushamba. Muuguzi akavikwa wake, msusi akavikwa wake. Kwa kuwa pete ilikaa karibu nao mchana na usiku, vidole havikurudi tena, na watu wakazoea. Maduka yakaanza kuuza glavu zenye kidole kimoja pungufu, tena kwa rangi mbalimbali. Hakuna aliyemwuliza msusi kuhusu saluni.

Tajiri alikuwa na sharti moja. Kifungo cha mkufu kiwe nyuma, kidogo, kigumu. "Wachumba wa kiume wanapenda kukifunga wao," alieleza.

Siku moja mwenye duka la matairi akaingia na mchumba mpya, mwalimu wa hesabu, mwanamke mrefu mwenye chaki kwenye kiwiko. Mkono wake wa kushoto ulikuwa tayari umepungua. Wakasalimiana wote watatu vizuri. Mwanamume akamwuliza Koleo habari za baba, na Koleo akamwuliza habari za mama.

"Shule unaendelea nayo?" Koleo akamwuliza mwalimu.

"Hadi mwisho wa mwezi," mwanamume akajibu.

Koleo akautoa mkufu wao kwenye kitambaa. Mwanamume akaugeuza mara mbili.

"Mbona kifungo kiko mbele?"

"Ndiyo mtindo," Koleo akasema.

Mwalimu akauvaa mwenyewe. Akakishika kifungo, akakifungua kwa mkono mmoja, akakifunga, akakifungua tena, hadi mwanamume akasema basi, wanachelewa.

Mwisho wa mwezi mwalimu aliacha shule kama ilivyopangwa. Mezani kwa Koleo oda za shingoni zilikuwa zimejaa trei. Tajiri akamkumbusha tena habari ya kifungo. Koleo akaitikia, akavuta lenzi jichoni, na zote akazitia kifungo mbele.