Siku Seva Mpya Ilipowashwa

"Asilimia tisini na saba," alisema Mama Barua bila kugeuka. "Na msinipumulie kisogoni."

Watu waliojazana mlangoni walirudi nyuma nusu hatua, kisha wakasogea tena. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, na karakana ya miguu bandia ilikuwa kimya. Hata mashine ya msasa ilizimwa. Juu ya meza seva ya zamani, kompyuta iliyotunza barua pepe zote, ilikoroma kama mtu mwenye pumu. Pembeni yake ile mpya, nyembamba, ilikuwa ikimeza barua za miaka kumi na moja.

Jina la Mama Barua alipewa na wenzake, maana yeye peke yake ndiye aliyetunza barua pepe za karakana. Asubuhi hakuulizwa ameamkaje, aliulizwa, "Barua yangu iko wapi?" Seva ile haikupokea picha kubwa, ilipitisha barua taka kama mlango usio na komeo, na ikikwama ilikuwa lazima mtu afike pale kwa miguu yake, abonyeze kitufe kwa kidole chake. Mtu huyo alikuwa yeye. Kwa miaka minne hakuwahi kulala hata siku moja kwa mama yake mzazi, mwendo wa saa sita kwa basi.

Mara saba aliomba seva mpya. Mara saba mkurugenzi alimjibu, "Si inafanya kazi?"

Kilichomgeuza mkurugenzi ni mguu mmoja. Mwezi uliopita zahanati ya mbali ilituma picha za vipimo vya seremala mmoja, seva ikazikataa. Vipimo vikasomwa kwa simu, sauti ikikatikakatika, na arobaini na sita ikasikika arobaini na tisa. Seremala alipokuja kuuvaa, alipiga hatua tatu akiyumba, akashika meza, akasema kwa upole, "Nashukuru sana. Ila huu ni wa mtu mwingine."

Mkurugenzi alikuwa amesimama pale pale. Jioni hiyo akatia saini inunuliwe seva mpya.

"Imesimama," mtu akanong'ona.

Kweli, tisini na saba haikusogea. Mama Barua akafungua orodha. Masanduku yote ya barua yalikuwa yamepita, isipokuwa la fundi mkuu, mzee asiyewahi kufuta barua hata moja.

"Mzee, una nini humu ndani?"

"Vipimo vya watu wangu wote." Akasogea mpaka mezani. "Mwanangu, hivyo vikipotea, na mimi nimepotea."

Mama Barua alilifungua sanduku. Alizipitia barua moja baada ya nyingine mpaka akaikuta iliyoziba njia: tangazo la miaka tisa iliyopita, limeharibika nusu.

"Mzee, hapa wanasema umeshinda gari."

"Lifute!"

Akalitoa. Tisini na nane. Tisini na tisa. Mia.

Walipiga kelele mpaka madirisha yakatetema. Yeye akainua mkono: ngojeni. Akaipigia simu zahanati. "Tumeni tena picha za yule seremala. Zote kumi na mbili, kubwa hivyo hivyo."

Wakangoja. Kisha kitu kikalia mfukoni mwa aproni ya fundi mkuu. Akatoa simu, akahangaika na miwani.

"Zimekuja huku! Kwenye simu!" Alikuwa karibu kuruka. "Naliona goti! Naona na utepe wa kupimia, hii hapa, arobaini na sita!" Na bila kumuaga mtu yeyote akakimbilia benchi lake, simu mbele kama mwenge.

Wengine wakatawanyika kujaribu. Dada wa mapokezi aliandika jina la mgonjwa wa miaka saba iliyopita, na barua ikajitokeza kabla hajainua kidole. Mtunza stoo alishangaa kukuta barua tisa tu. "Wale wanaoniahidi urithi kila siku wamekwenda wapi?"

"Na wewe umepata nini?" mkurugenzi akamuuliza Mama Barua.

Akamwonyesha simu yake. "Naiona yote humu. Ikikwama, naiamsha nikiwa popote."

Neno hilo la mwisho alilisikia baada ya kulitamka. Akavuta kiti, akaketi.

Alhamisi iliyofuata alikuwa uani kwa mama yake, wamekaa mkekani wakichambua maharage, simu ilipoita. Dada wa mapokezi: mshonaji mpya wa mikanda ameanza kazi leo, hana anwani ya barua pepe. Mama Barua akafuta mkono kwenye kanga, akagusa kioo cha simu mara nne, tano.

"Tayari. Mwambie aingie."

Mama yake alikuwa ameshaacha kuchambua. Alikuwa akimtazama kama anayengoja mgeni aage.

"Kazini wamekuita?"

"Wameniita. Nimemaliza."

"Mbona hujainuka?"

"Nimemaliza, mama."

Mama akamtazama binti yake usoni. Kisha akakunja miguu, akausukuma ungo ukae katikati yao, akamwaga maharage mengine.