Ugonjwa wa Kuandikiwa

Pale zahanati wananiita Breki, na wala hawanong'oni. Kazi yangu ni kupitia madai kabla hayajaenda bima, nione kwamba hatuwalipishi ugonjwa usiokuwepo wala tiba isiyotolewa. Nikiingia chumba cha chai soga hukatika, kila mtu anakumbuka ana mgonjwa. Nimezoea. Anayeogopa kununiwa asiombe kazi ya kukagua wenzake.

Daktari wetu ni mume wa mdogo wangu. Wagonjwa wanampenda kupita kiasi, na mimi nampenda pia, ingawa huruma yake hutangulia na akili hufuata baadaye ikihema.

Asubuhi ile dereva wa basi alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi yangu, kofia magotini. Wiki iliyopita alikuja kuchukua cheti cha afya cha kazini, akanyimwa kwa sababu faili lake linasema ana kifafa. Ndiyo kwanza alikuwa anasikia, tena dirishani, mbele ya watu. Leo asipopata cheti, basi lake anapewa mwingine.

Nikamwita shemeji, nikafunga mlango.

"Huyu ana kifafa tangu lini?"

Akakuna kidevu. "Hana. Alikuwa anaumwa kichwa, shemeji, kichwa cha kumliza mtu mzima. Nilitaka apigwe picha ya ubongo. Kwa kichwa tu bima hawalipi. Kwa kifafa wanalipa."

"Ukamwandikia."

"Nilikuwa namsaidia. Picha ikatoka safi, kichwa kikapoa. Nani kaumia?"

Nikamwonyesha mlango kwa kidole. Akainama.

"Ungeniuliza," nikasema. "Kuna kibali maalumu, tungekiomba."

"Wewe ni Breki. Nani anakwenda kumuuliza Breki?"

Ilinichoma, kwa sababu ni kweli.

"Basi lifute hilo neno," akaendelea kwa sauti ya chini. "Mfumo unao wewe. Yaishe."

Kwetu neno halifutwi. Linapigwa mstari na kubaki linasomeka, aliyeliandika anaeleza pembeni kosa lake, kisha bima wanaambiwa na fedha yao inarudi. Nimewaimbia hayo kwenye kila semina huku wakisinzia, na shemeji ndiye bingwa wa kusinzia.

"Njia ya mwongo fupi, shemeji. Yako imeishia kwenye benchi lile."

"Bima wanaweza kunikataa kabisa. Mdogo wako nitamwambia nini?"

Nilimfikiria mdogo wangu na wanawe, na nilitamani kulifuta, sitajifanya malaika.

"Utamwambia ukweli, na mimi nitakuwa pembeni yako," nikasema mwishowe. "Na bima nitawaeleza kwamba umekwenda mwenyewe, hukukamatwa. Wanaangalia hilo. Lakini anza na huyu."

Nikamwita dereva. Shemeji alibaki amesimama.

"Kaka, huna kifafa. Hujawahi kuwa nacho. Niliandika mimi ili bima walipie ile picha. Nimekukosea. Faili linasahihishwa na cheti utaondoka nacho leo."

Nilitegemea dereva apandishe sauti, na angekuwa na haki. Aliigeuzageuza kofia tu.

"Una hakika, daktari?"

"Nina hakika."

"Kwa hiyo mwanangu naweza kumbeba?"

Tukatazamana, hatukumwelewa.

"Ana miezi mitatu," akasema. "Tangu niambiwe sijampakata. Niliogopa nitaanguka naye. Mama yake akinipa, narudi nyuma."

Kisha shemeji akaivuta simu iliyokuwa mezani kwangu. Namba za bima nikambonyezea mimi.