Nguzo za Nyumba ya Luciana

Mguu wa Mama Noorbanu ulitoboa baraza asubuhi, akiwa ameshika kikombe cha chai. Ulizama mpaka gotini. Mwanawe Jaffer alipotoka ndani mbio alimkuta ameketi juu ya mbao zilizovunjika, chai imemlowanisha gauni, damu inamchuruzika, na hataki kuguswa.

"Usinivute," alisema. "Vunja kwanza huo ubao."

Baraza ile ilijengwa na marehemu mumewe, mzee Ladha, aliyekuwa na duka la vitambaa Singida mjini. Mzee alizaliwa kwao Kachi, Bara Hindi, karibu na bahari, na alipopata uwezo alijenga nyumba nje ya mji, ukingoni mwa Ziwa Singida, akasema hawezi kuzeeka bila kuona maji. Mbele ya nyumba akaweka baraza ya mbao, imesimama juu ya nguzo, inaelekea ziwani ambako ndege heroe hushinda wamesimama kwenye tope. Lakini maji yale ni ya chumvi. Kiangazi upepo hupeperusha vumbi jeupe la chumvi likaingia kwenye kila ufa wa ubao, na masika maji hupanda mpaka kwenye nguzo. Tangu mzee afariki hakuna aliyeigusa baraza hata kwa nyundo.

Siku hiyohiyo Jaffer alikwenda Mwankoko kumwita Kitwana Mrisho, seremala. Baba yake Kitwana alitoka Pangani akifuata biashara, lakini yeye mwenyewe alizaliwa Singida na hakuwa na kwao kwingine. Aliingia chini ya baraza kwa magoti, akachoma nguzo kwa patasi. Patasi ilizama kama kwenye muhogo wa kuchemsha.

"Mbao za juu si tabu, bwana Jaffer," alisema alipotoka, akijipangusa chumvi magotini. "Nguzo za upande wa ziwa ndizo zimekwisha. Nikipigilia mbao mpya juu ya hizi, safari ijayo mama atashuka na kiti chake."

"Basi weka nguzo nyingine."

"Nitazitoa wapi? Mwaka huu kila mti unaoingia mjini umeshaandikiwa shule na maghala ya vijiji vipya."

"Tafuta, fundi. Mama hakai ndani. Nimeshamwomba, hataki."

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, watu wakihamishwa kutoka kwenye maboma yao yaliyotawanyika na kupelekwa kwenye vijiji vya ujamaa. Kitwana alikuwa hajapata kazi ya maana kwa muda mrefu. Alizunguka mjini, akaenda mpaka Mkiwa njia panda, akakutana na mchuuzi mmoja aliyeahidi kumletea nguzo ngumu kutoka msitu wa Itigi. Mchuuzi akasema asubiri. Akasubiri.

Katika kusubiri huko ikafika zamu ya mama mkwe wake kuhama.

Luciana alikuwa mjane wa Kinyaturu, akiishi peke yake nyuma ya Ilongero, kwenye tembe aliyojengewa na mumewe, Mughwai. Kitwana na mkewe Chiku walikwenda kumsaidia kufungasha. Lori lilikuwa limesimama barabarani, mgambo wanaharakisha watu. Vyungu, mawe ya kusagia, kuku waliofungwa miguu, vyote vilipakiwa. Luciana alikuwa bado ndani, ameshika nguzo ya katikati.

Zilikuwa nguzo za mti mgumu, kila moja na panda yake ya asili kichwani, mahali ambapo mhimili wa dari hukaa bila msumari wala kamba. Mughwai alikuwa amezitafuta porini moja moja, akipita miti mingi mpaka aone panda inayomridhisha.

"Lori ni la watu na chakula," mgambo alisema. "Miti hiyo mwisho wake hapahapa."

Luciana alimgeukia mkwewe. Kwa heshima ya ukwe hakumtazama usoni. Alisema akiangalia chini.

"Mkwe wangu, wewe ni fundi. Chukua nguzo hizi ukanitunzie kwako. Nikishaonyeshwa kiwanja, uje unijengee. Chungu kikivunjika nitafinyanga kingine. Hizi sitazipata tena."

"Nimesikia, mama. Nitazitunza."

Lori lilipoondoka na Luciana, Kitwana na Chiku waliibomoa dari, wakazifukua nguzo mpaka jioni. Kitwana alikodi mkokoteni wa ng'ombe, akazipeleka uani kwake, akazilaza juu ya mawe ili mchwa wasizifikie. Alifanya hivyo kwa nia safi, na hilo hata Chiku hakulikana baadaye.

Jaffer alikuja wiki iliyofuata kuuliza nguzo zake. Alikuwa na haraka. Mama yake alikuwa amerudi kukaa barazani, kiti amekiweka kando ya tundu. Macho ya Jaffer yakaenda kwenye mawe pale uani.

"Na hizi je?"

Kitwana alikuwa na neno moja tu la kusema. Angesema ni za mama mkwe, na Jaffer angeondoka, pengine angetafuta fundi mwingine. Alimfikiria yule mchuuzi wa Mkiwa, akajiambia nguzo za Itigi zitafika kabla ya mvua, na Luciana atajengewa kwa hizo, mpya, zilizonyooka kuliko hizi.

"Hizi zipo tu," alisema.

"Basi maliza kazi."

Kazi ikaisha, tena vizuri. Alikata nguzo kwa kimo, akazisimamisha, akapigilia mihimili na mbao mpya, akapaka mafuta machafu ya gari kuzuia chumvi. Mama Noorbanu alitembea kutoka ukutani mpaka ukingoni na kurudi, akikanyaga kwa nguvu makusudi, halafu akacheka. Kitwana alilipwa, akanunua unga na sare ya shule ya binti yao, Zena.

Nguzo za Itigi hazikuja. Alipokwenda tena Mkiwa aliambiwa mchuuzi amehamishwa naye, haijulikani yuko kijiji gani. Mvua zikaanza.

Watu waliotoka kijijini kwa Luciana kuja mnadani walileta salamu zake: kiwanja ameshapewa, anamngoja fundi. Chiku alimuuliza mumewe nguzo zimekwenda wapi, maana mawe yale uani yalikuwa matupu.

"Nimeziweka kwa mtu. Hapa zitalowa."

"Kwa mtu gani?"

"Mama Zena, si nimekwambia ziko salama?"

Chiku hakuridhika. Mvua kubwa ya kwanza ilipopita alikwenda kumwona mama yake. Alimkuta kwenye kibanda cha nyasi kilichojengwa kwa haraka siku ya kuhamia. Maji yalikuwa yamepita chini ya kitanda na kuacha mfereji. Luciana alikuwa na kikohozi kilichomkunja mgongo, na kila kikipoa aliuliza jambo lilelile.

"Mumeo anakuja lini?"

Chiku alirudi nyumbani amelowa. Hakuvua kanga wala hakuketi.

"Baba Zena, nguzo za mama ziko wapi? Leo utanijibu."

Kitwana alikuwa anapiga randa mguu wa meza. Aliendelea kidogo, kisha akaiweka randa chini.

"Ziko kwa Jaffer. Chini ya baraza."

"Umemuuzia?"

"Nilidhani nitapata nyingine. Nilikuwa nangoja—"

"Mama analala kwenye maji," Chiku alisema. "Anakohoa, anakuulizia wewe. Anakusifu kwa majirani."

Chiku aliingia chumbani akalala na mtoto.

Asubuhi Chiku alikwenda ziwani peke yake. Alimkuta Mama Noorbanu barazani, sinia la mchele mapajani, akichambua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe si mke wa fundi? Karibu, kaa."

"Sitakaa, mama. Hapa ulipokaa ni nyumba ya mama yangu."

Mama Noorbanu alitazama ziwani, kisha mlangoni, akidhani hajasikia vizuri. Chiku alipiga magoti akaonyesha kidole kwenye mwanya kati ya mbao.

"Nguzo zilizoko chini. Baba yangu alizikata mimi sijazaliwa. Mama alimpa mume wangu azitunze, aje kumjengea kijijini, naye akaziweka hapa. Sasa mama yuko kwenye kibanda cha nyasi, mgonjwa, anakohoa, na mvua ndiyo kwanza zinaanza."

Jaffer alikuwa amesikia sauti, akatoka na ufunguo wa duka mkononi.

"Mimi nilimuuliza fundi. Akasema zipo tu. Nimemlipa. Sikuiba kitu cha mtu."

"Sijasema umeiba, bwana."

"Basi kamdai mumeo! Mbona unakuja kumsumbua mzee?"

Miaka mitatu nyuma serikali ilikuwa imetaifisha nyumba yao ya kupangisha iliyokuwa mjini, na tangu hapo mtu akigusia habari ya nyumba na mwenye nyumba, Jaffer hupandwa na hasira kabla hajasikia mwisho wake. Mama yake alimwambia jambo kwa lugha yao, polepole. Jaffer akajibu kwa kasi, akionyesha mbao, akionyesha mguu wa mama wenye kovu. Walivutana hivyo kwa muda. Chiku hakuelewa kitu isipokuwa jina la Ladha, lililotajwa mara mbili.

Hatimaye Mama Noorbanu aliweka sinia chini, akainuka, akaanza kukivuta kiti chake kuelekea ndani. Jaffer alitaka kumpokea, akamkatalia.

"Mama yako anakohoa damu?" alimuuliza Chiku akiwa mlangoni.

"Bado, mama."

"Jaffer, mwite fundi aje azitoe."

"Na baraza?"

"Iache ianguke."

Kitwana alibomoa kwa mikono yake kazi aliyoisifu mwenyewe. Manyunyu yalikuwa yanaanguka na Jaffer alisimama dirishani mpaka nguzo ya mwisho ilipotoka. Kisha alikuja karibu.

"Sitakudai kitu," alisema. "Lakini mlango huu usiujue tena. Na watu wakiniuliza fundi, nitawaambia ninachokijua."

Walizipeleka nguzo kijijini kwa lori la mtu aliyekuwa anafuata mtama. Chiku alikaa juu pamoja na nguzo, Kitwana akakaa mbele na dereva, amempakata Zena. Luciana alisikia lori, akatoka kibandani amejitanda blanketi. Alipoona nguzo zinashushwa uso ulimchangamka, akaja akipapasa moja baada ya nyingine kama mtu anayehesabu mifugo yake. Mkono wake ukafika kichwani mwa nguzo, ukasimama pale. Ukaenda kwenye nyingine. Vichwa vyote vilikuwa bapa, vimekatwa kwa msumeno.

"Panda ziko wapi?"

"Nilizikata, mama," Kitwana alisema. "Baraza ilitaka kichwa kilicho sawa."

"Ulizitupa?"

Chiku, aliyekuwa anateremsha mfuko wa unga, akasimama. Alikumbuka vipande vifupi vilivyopinda ambavyo mumewe alivirundika jikoni mwishoni mwa kiangazi, kuni ngumu zilizotoa makaa ya kudumu. Alikuwa amemshukuru kwa kuni zile.

"Nilizipikia," alisema. "Mama, nilizipikia maharage. Sikujua."

Luciana alimgeukia binti yake.

"Ziliwaka vizuri?"

"Ziliwaka sana, mama."

"Ulikuwa mti mzuri," Luciana alisema, akarudi ndani, na kutoka nje waliweza kumsikia akikohoa.

Kitwana hakurudi mjini siku hiyo wala zilizofuata. Alipewa pa kulala kwa Bonifasi, balozi wa nyumba kumi, akaanza kujenga. Kwa kuwa panda hazikuwepo, alichonga ulimi kwenye kichwa cha kila nguzo na tundu kwenye kila mhimili, akavikutanisha na kuvibana kwa vigingi. Nyumba ilitoka fupi kuliko ile ya zamani, kwa kuwa nguzo zenyewe zilikuwa zimefupishwa. Mtu mrefu aliinama kuingia. Majirani walisaidia kupandisha udongo juu ya dari. Mvua iliyofuata ilinyesha siku nzima na ndani hapakuingia tone.

Luciana alihamia. Kikohozi kilipungua ingawa hakikumwacha kabisa. Kitwana akimwamkia aliitikia, na chakula alimtengea kama inavyopasa, lakini hakumtuma tena kazi. Ubao wa mlango ulipolegea alimwita Bonifasi.

"Twende nyumbani," Kitwana alimwambia mkewe alipokusanya vyombo vyake vya kazi.

"Wewe nenda na Zena, shule inamngoja. Mimi nitakaa na mama mvua ziishe."

Mvua ziliisha, Chiku hakurudi. Alituma salamu kwamba anamsaidia mama yake kufukuza ndege kwenye mtama. Mjini kazi zilipungua, maana Jaffer alikuwa mtu wa kutimiza neno lake. Wapitao ziwani walisema baraza imelala upande mmoja, na kwamba mama wa Kihindi siku hizi anaonekana dirishani tu.

Mtama ulipovunwa, Chiku aliingia uani na kikapu kichwani. Zena alimkimbilia. Alikitua kikapu, akamkumbatia mtoto, kisha akaona mbao zimeegemezwa ukutani.

"Hizi za nani?"

"Za shule ya Mkiwa," Kitwana alisema. "Madawati. Mwalimu mkuu alinikabidhi mwenyewe. Ukitaka, kamuulize."

Chiku alizipitia kwa mkono, ubao mmoja baada ya mwingine. Kisha akainama jikoni, akavipekua vipande vya kuni alivyoviweka mumewe, akavitoa vyote nje. Akamtuma Zena kwa jirani kuomba moto na mzigo mdogo wa kuni.

"Nitakwenda kutafuta kuni nyingine kesho," Kitwana alisema.

"Nitakwenda mwenyewe," Chiku alisema, akaanza kupepeta unga.