Koti Juu, Kaptula Chini

Bweni la mafundi wa Kichina lilikuwa na vitanda vya ghorofa, jiko la gesi na koti moja. Koti lenyewe jeusi, lilining'inia msumarini kama mheshimiwa, na kazi yake ilikuwa kuvaliwa Jumapili watu wakipiga simu za video nyumbani. Aliyemaliza kuongea na mama yake alilivua, likaingia mabega mengine lingali na joto. Simu huonyesha kifua. Chini ya hapo kila mtu na kaptula yake.

Mchoraji alikuwa dada mdogo wa mpishi wa bweni. Alikuja ng'ambo kumsalimia kaka yake, akanogewa na vituko vya bweni, akasahau kuondoka. Alichora watu wakinyoana vichwa, mtu kasinzia juu ya mifuko ya saruji, soksi dirishani. Hakuna aliyelalamika mpaka alipomchora Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma, akiwa kwenye simu: koti juu, kaptula chini, ndala moja ya bluu na nyingine ya kijani. Picha hiyo ndiyo iliyochaguliwa kwa maonyesho, na gazeti la kwao nyumbani lilitaka kuitoa.

Cheche akamfuata mchoraji mbio. Mkewe alijua ana mume wa ofisini.

"Dada, nivalishe suruali," alimwambia mchoraji.

"Kwani siku ile ulivaa?"

"Ningekuwa nimevaa ningekusumbua?"

"Na viatu?"

"Ukiwa na moyo."

Mchoraji alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akachukua brashi. Suruali ikanyooka pasi, viatu vikang'aa, na kwa kuwa mkono ulishakolea, kiti cha plastiki nacho kikawa cha ngozi.

Wenzake Cheche waliporudi kutoka kazini, wa kwanza kuingia aliitupia picha jicho, akazima sigara. Wa pili akafunika karata kwa kofia. Fundi bomba akaanza kueleza, bila kuulizwa, kwa nini mabomba ya juu bado hayajafungwa. Kisha akanong'ona, "Nani kamleta msimamizi humu?"

"Ni mimi huyo," alisema Cheche.

"Wewe? Basi umeharibika, ndugu yangu. Huyo ukikohoa tu anakuandikia onyo."

Cheche akaisogelea picha. Uso ulikuwa wake, hilo halina ubishi, lakini miguu ilikuwa ya mtu anayesimama mlangoni kuangalia nani kakawia chooni.

"Mvue," akasema.

"Mkeo je?"

"Mvue upesi, dada, kabla woga haujanirudia."

Rangi ilikuwa mbichi bado, kitambaa kikaiondoa. Cheche hakutaka gazeti limtangulie. Akaipiga picha kwa simu, akamtumia mkewe, akailaza simu kifudifudi mezani na kukaa mbali nayo kama kitu kitakacholipuka. Ilipolia, hakuna aliyemwachia asome peke yake.

"Kumbe miguu unayo," mkewe alikuwa ameandika. "Mbona imekonda hivyo? Huko kwenu hamna mpishi?"

Bweni zima likamgeukia mpishi. Alikuwa kashika mwiko. Akauweka chini taratibu, akafuta mikono na kwenda kusimama mbele ya dada yake.

"Nichore mimi," alisema. "Kwa ubavu, tumbo lionekane vizuri. Halafu mtumie shemeji."