Bata, Mbuzi na Darasa la Tatu

Msumeno ule wa umeme ulikuwa wa mwisho kwenye rafu na wa bei ya chini kuliko yote. Nesi, aliyestaafu mwezi mmoja tu uliopita na tayari amechoka kukaa bure, aliuinua kidogo akaupima uzito.

"Huo ni wa kukatia nakshi, Mama," muuza duka alisema. "Bei poa. Ila sikufichi, unatetemeka kama mgonjwa wa homa."

"Homa naijua," Nesi akasema, akaununua.

Aliufunga kwa bolti nne kwenye meza ya barazani, akatandika kipande cha mpira chini yake. Bledi ilikuwa nyembamba kama uzi wa kushonea vidonda. Aliipachika meno yakitazama chini, akaikaza mpaka alipoigusa kwa kidole ikalia kama waya wa gitaa. Mbao alipewa bure na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mwenye kiwanda cha mbao na mwenyekiti wa kamati ya shule ya msingi. Yalikuwa mabaki, lakini mabaki safi.

Alianza kwa kukata bata wa mbao. Mkono ulimteleza kwenye mdomo, bata akatoka na kidevu. Akampiga msasa, akampaka vanishi. Jumatatu, saa moja na robo asubuhi, bata alishuka mezani, akapita getini, akashika njia. Nesi alidhani vanishi ile si nzuri, akabadilisha. Mbuzi akaondoka Jumanne saa ile ile. Tembo vilevile.

Alhamisi Nesi alivaa viatu akamfuata twiga. Twiga aliingia shuleni, darasa la tatu, akajipanga na wenzake mbele ya ubao. Nyuma yao watoto walikaa kwenye sakafu ya saruji, madaftari magotini.

"Hawana shida," mwalimu alisema. "Bata tu ndiye anayechungulia kazi za wenzake."

"Na madawati?"

"Wazazi walichanga, mbao zikanunuliwa, zikapigwa muhuri wa shule. Mwenyekiti akazichukua kiwandani kwake zitengenezwe. Mwaka wa pili huu tunasubiri."

Nesi alimgeuza mbuzi. Ubavuni, chini ya vanishi, kulikuwa na wino mwekundu aliodhani ni alama ya kiwanda. Ulikuwa nusu ya muhuri wa shule.

Alikwenda kiwandani moja kwa moja. Shemeji alikuwa anakunywa chai.

"Shemeji, mbao za watoto ziko wapi?"

"Mbao zina miguu, Shemeji," akajibu taratibu. "Si umeziona mwenyewe zikitembea?"

Nesi akapeleka shauri kwenye kamati. Kamati ikakaa, mwenyekiti akiongoza, ikaamua wanyama waandikwe kwenye rejista na wasije na vumbi la mbao. Suala la madawati likasogezwa hadi muhula ujao.

Nesi alirudi nyumbani na hasira za kutosha kupasua gogo. Aligundisha vipande vinne vya mbao, akavibana usiku kucha, kisha akakata kobe mpana, mgongo bapa, akaupiga msasa mpaka ukawa laini kama kioo.

Jumatatu kobe aliondoka alfajiri, maana mwendo wake ndio ule. Hakwenda mbele ya ubao. Alipita katikati ya watoto hadi mstari wa mwisho, akatulia mbele ya msichana mmoja. Msichana akaweka daftari juu yake, akaandika tarehe.